Zebaki Mikononi

Jumatatu, 6 Januari

Mwalimu Ferista ametugawia madaftari. Kila mtu aandike alichofanya wodini, na kila Ijumaa yeye atayakusanya. La kwake nimeshaandika: nimetandika vitanda sita, nimepima joto wagonjwa wanne. Hili ni la pili, nimelinunua mwenyewe stendi hapa Tunduma, na huyo mwalimu hatalishika.

Naandika kwa sababu sina wa kumwambia. Mikono yangu inatetemeka. Ilianza Novemba. Nikadhani njaa, nikala. Nikadhani malaria, nikapima, hakuna malaria. Asubuhi inatulia kidogo, nikishika kitu chembamba inaanza upya.

Tuko ishirini na wawili kwenye kozi hii ya uhudumu wa afya, mwaka mmoja, wote ni watu ambao kazi zetu zilikufa. Mimi niliosha dhahabu Mkwajuni miaka kumi na mmoja, mpaka mashimo yakaporomoka na yakafungwa. Wilbard, jirani yangu darasani, alikuwa karani wa malori hapa mpakani, akijaza fomu kwa kalamu, mpaka kompyuta zikamwambia asante. Mtihani wa vitendo ni tarehe 29 Aprili. Nikifaulu napata kazi, napanga chumba, namleta binti yangu Dina. Ana miaka tisa, nimemwacha kwa dada yangu Rosemary kule Mkwajuni. Nikifeli, nakwenda kukaa naye huko huko, na huko kazi hakuna.

Alhamisi, 9 Januari

Kuna kijana amekuja wodini na pombe ya jana, mikono inacheza. Mwalimu Ferista hakupiga kelele. Alimvua glavu mwenyewe, akasema, "Mkono unaotetemeka hauingii kwenye wodi yangu. Nenda nyumbani." Yule kijana hajarudi.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, mikono mfukoni.

Jumanne, 14 Januari

Mvua. Vitanda vinane.

Jumatano, 22 Januari

Nimegundua mbinu. Nikibana kiwiko kwenye ubavu, mkono unatulia kwa muda wa kuhesabu hadi kumi. Nikiegemeza kifundo kwenye meza, hadi ishirini. Leo nimepima presha ya watu watatu kwa mbinu hiyo na hakuna aliyeona.

Nimegombana na Wilbard kwa ajili ya sabuni. Sabuni! Ilikuwa yake, na bado nilimtukana.

Jumamosi, 1 Februari

Nimempigia Rosemary. Dina anasema shuleni wanaimba. Rosemary hakuacha kazi mashimo yalipofungwa. Watu wanamletea mchanga uliokwisha kuoshwa, anauosha tena, anachoma dhahabu jikoni. Analalamika zebaki ya kunasia dhahabu siku hizi haipatikani. Nikamwambia vumilia dada, mwaka huu nitakutoa huko. Nilijisikia mtu mkubwa kweli.

Jumatatu, 10 Februari

Leo nusura nigundulike. Zamu yangu ya kufunga kidonda, mzee wa Msangano aliyekatwa na shoka mguuni. Kidonda hakiguswi kwa mkono, unashika pamba kwa koleo, unachovya kwenye dawa, unafuta, unatupa. Nikashika koleo. Likaanza kugonga trei ya chuma, ti-ti-ti-ti, wodi nzima inasikia. Mwalimu Ferista alikuwa kitanda cha pili, kaupa mgongo upande wetu.

Mzee akaniangalia. "Binti, unakiogopa kidonda au unaniogopa mimi?"

"Nakuogopa wewe, babu," nikamwambia. "Una macho makali."

Akacheka hadi akakohoa. Wilbard akasogea haraka, akanong'ona, "Mama Dina, shika trei, niachie koleo." Nikashika trei. Alifunga kile kidonda vizuri, mtu aliyezoea kushika kalamu. Mwalimu alipogeuka alimsifu yeye, na mimi nikasema asante Mungu moyoni, halafu nikamchukia Wilbard hadi jioni. Kwa nini nimchukie? Amenisaidia! Sijielewi siku hizi.

Jumanne, 11 Februari

Wilbard ameniuliza, "Ni nini hiyo mikono?"

Nikamwambia baridi.

"Baridi ya Tunduma naijua, nimesimama mpakani miaka tisa. Hiyo si baridi."

Nikamwambia ashughulike na yake. Ameahidi hatasema.

Jumapili, 23 Februari

Silali vizuri. Mate yananijaa mdomoni, mto unalowa, na kila nikiamka mdomo una ladha ya msumari. Kanisani nimekaa nyuma.

Jumatatu, 3 Machi

Mvua. Presha watu watano, mbinu ya ubavu.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimefanya jambo ambalo nalifurahia hadi sasa.

Mwalimu alikuwa ameitwa kikaoni, tukabaki peke yetu chumba cha mazoezi. Wilbard akatoa kabatini kipimo cha presha cha zamani, kile cha kusimama chenye kioo na zebaki ndani. Kikamponyoka. Pwaa! Kioo vipande, zebaki ikasambaa sakafu nzima. Mmoja akakimbilia ufagio, mwingine akaleta dekio, wawili wamepanda juu ya viti. Wilbard kashika kichwa: "Nimekwisha, nimekwisha, atanifukuza."

Nikawaambia sogeeni pembeni wote.

Nikapiga magoti. Nikalowanisha kipande cha kadibodi, nikasukuma punje moja hadi kwa mwenzake, zikashikana, na hiyo kubwa nikaipeleka kwa nyingine. Nikaingiza vidole chini ya kabati, nikatoa zilizojificha. Nikaziweka kwenye kona ya kitambaa changu cha kichwa, nikakamua, taka ikabaki ndani, zebaki ikadondoka safi kwenye chupa ya dawa iliyokwisha. Nikamimina maji juu yake, nikafunga kifuniko. Sidhani zilipita dakika kumi. Wenzangu walinitazama, na mimi niliyezoea kujificha nyuma ya wengine nikajiona fundi.

"Kumbe una kazi yako!" Wilbard akasema.

"Miaka kumi na mmoja," nikamjibu.

Vioo tukavifunga gazetini, tukatupa. Chupa nimeitia mfukoni. Vitu hivi havitupwi, nani anatupa zebaki? Jioni nimempa kondakta wa basi la Mbalizi, namwamini, atamfikishia Rosemary. Dada atafurahi.

Alhamisi, 13 Machi

Rosemary amepiga. Amepokea. Amecheka kwenye simu kama siku za zamani, akasema, "Mdogo wangu, hata ukiwa nesi hujatusahau."

Jumanne, 18 Machi

Sijui nianzie wapi.

Somo la leo lilikuwa sumu za makazini. Mwalimu Ferista akapitia dawa za kuulia wadudu kwenye kahawa, akapitia moshi wa mkaa, halafu akaandika ubaoni: ZEBAKI. Wenzangu wakaanza kunitazama. Mimi nilikaa mkao wa mtu anayejua zaidi ya mwalimu.

Akasoma, sisi tunaandika. Ikichomwa inakuwa mvuke, mvuke hauonekani, unaingia mapafuni, unakwenda kwenye ubongo. Mikono hutetemeka, zaidi mtu akishika kitu kidogo. Mate mengi. Ladha ya chuma mdomoni. Kukosa usingizi. Kusahau. Hasira za ghafla, kugombana na watu bila sababu.

Nimeandika kila neno. Halafu nikasoma nilichoandika, nikaona ni mimi. Ni mimi mstari kwa mstari! Hata hasira zangu, ambazo mama alisema nimezirithi kwa baba yetu Luhende, kumbe huenda si zangu.

Nikanyoosha mkono, kiwiko nimekibana kwenye dawati. "Mwalimu, na mtoto anayekaa jikoni wakati wanachoma?"

"Huyo ndiye wa kwanza," akasema. "Mwili mdogo, ubongo bado unajengwa. Mtoto asiwepo hata kwenye nyumba hiyo." Akafuta ubao.

Rosemary anachomea jikoni. Dina anafanyia kazi za shule jikoni, kwa sababu ndiko kwenye taa. Na chupa nimepeleka mimi.

Jumatano, 19 Machi

Nimempigia Rosemary mara saba kabla hajapokea. Nikamwambia yote. Akaniacha nimalize.

"Nyanzobe, nimechoma dhahabu tangu wewe huna hata mume. Mimi natetemeka?"

"Dada, mimi natetemeka."

"Wewe una mawazo. Umekaa na watu wa vitabu."

Nikalia. Nikamwomba achomee nje, mbali, Dina asiwepo. Mwishowe akasema sawa, nitachomea nje, usilie kwenye simu ya watu.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua siku nzima.

Kwenye mvua hawezi kuchomea nje. Nalijua hilo, nimechoma miaka yote hiyo, masika yote tulichomea ndani.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua.

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Simu ya Rosemary haipatikani.

Jumatatu, 24 Machi

Wilbard anasema nimwambie Mwalimu. Nimwambie nini? Kwamba mkono unaotetemeka umekuwa wodini kwake tangu Januari? Kwamba kipimo chake kilivunjwa na zebaki yake nimeituma ikachomwe? Nikisema, wote wawili tunakwenda nyumbani, mimi na yeye. Wilbard akatazama chini, akasema, "Basi nenda ukamchukue mtoto." Nikienda ni siku tatu, na ukikosa wodi siku tatu huingii kwenye mtihani, ndiyo sheria. Tena kwenye barabara ya Mkwajuni mto umejaa, magari ya Noah yanageuzia njiani.

Nimezipanga hizo sababu zote hapa na kila moja ni ya kweli. Bado sijalala.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Amepatikana. Anasema anachomea nje. Kwa nyuma nasikia mvua inagonga bati lao.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Vitanda kumi.

Jumanne, 8 Aprili

Jua! Jua siku nzima. Nimekunywa chai vikombe viwili.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 19 Aprili. Mkwajuni

Chuo kimetupa likizo ya Pasaka. Nimefika jana jioni, basi hadi Mbalizi, halafu Noah, halafu bodaboda kwenye matope.

Dina amerefuka. Alinirukia shingoni, akanusa sare yangu, akasema nanuka hospitali. Rosemary alikuwa amechinja kuku. Tukakaa chini, nikapakua, nikampa mtoto bakuli la mchuzi.

Mchuzi ukamwagika. Si kwamba alijikwaa, alikuwa amekaa. Alikuwa anainua bakuli, na mchuzi ukaanza kuruka kidogo kidogo pembeni, unamchoma vidole, na yeye akaendelea kuinua akiwa amekunja uso, mpaka likafika mdomoni nusu. Akanitazama akanywa. Akafuta magoti kwa kiganja, kwa mazoea kabisa.

"Tangu lini?" nikamuuliza Rosemary.

"Watoto wanamwaga."

"Dada, tangu lini?"

"Usinipandishie sauti kwenye nyumba yangu!" Akasimama. "Nani amemlisha huyu mwaka huu? Nani amemnunulia viatu? Umekwenda kuvaa gauni jeupe, umeniachia mtoto, leo unakuja kuniambia mimi namuua?"

Nikamwambia ndiyo. Nilisema ndiyo, na ninaona aibu, kwa sababu jikoni kwenye rafu chupa niliyoituma ilikuwa imesimama pale pale, na maji juu yake, imebaki robo. Rosemary akafuata macho yangu.

"Na hiyo imeletwa na nani?" akauliza.



Jumatatu, 21 Aprili

Nimeondoka na Dina. Rosemary hakutoka kutuaga, lakini mfuko wa nguo za mtoto niliukuta mlangoni, umefuliwa na kukunjwa. Tumefika Tunduma na mvua. Mke wa Wilbard amempokea, amemlaza na watoto wake. Hosteli hairuhusu.

Mtihani ni wiki ijayo Jumanne.

Jumatano, 23 Aprili

Hesabu yangu ni hii. Nikimpeleka Dina hospitali leo, watauliza ametoka nyumba gani, watamtazama mama yake, na Mwalimu Ferista anazunguka hospitali hiyo hiyo kila siku. Nikingoja hadi tarehe 29, nafanya mtihani kwanza. Mtoto ameshatoka kwenye moshi. Siku sita.

Nimemwambia Wilbard siku sita. Alikuwa anamwekea Dina uji kwenye kikombe chenye mfuniko. Alisema sawa, na hakunitazama.

Ijumaa, 25 Aprili

Dina amelia kwa kichwa. Siku nne.

Jumapili, 27 Aprili

Nimefanya mazoezi ya dawa ya maji kwa bomba la sindano, mchana kutwa. Kifundo mezani, pumzi nimeishika. Mara kumi nimepima, mara saba nimepata sawa.

Jumanne, 29 Aprili

Vituo kumi na viwili, kila kimoja dakika tano, kengele ikilia unahama. Msimamizi ametoka nje ya mkoa, mama mnene mwenye miwani, hakuna anayemjua. Kunawa mikono, nimepata. Presha, ubavu, nimepata. Kidonda cha bandia, koleo likagonga trei mara mbili, nikakohoa kuliziba. Vituo vikapita kimoja kimoja.

Cha kumi na mbili kilikuwa dawa ya mtoto. Mililita mbili na nusu. Nikaegemeza kifundo mezani. Mkono ukakataa. Nikaweka vyote viwili, nikabana pumzi, nikawaza kitu kimoja tu, kwamba nikikosa hapa nimemweka Dina siku sita bila daktari bure tu. Nikavuta. Nikainua bomba mbele ya macho ya msimamizi: mbili na nusu, haikuzidi hata unywele.

Msimamizi akaweka alama ya vema. "Vizuri sana, dada," akasema. "Mkono wako umetulia."

Nilitoka nje nikakaa chini kando ya maua.

Wilbard alinifuata na maji. "Umemaliza," akasema. "Umeshinda, Mama Dina."

Nikamwambia, "Twende tukamchukue mtoto."

Ile zebaki ilimwagika mikononi mwake, alijua nikifungua mdomo na yeye yumo. Akarudisha kizibo kwenye chupa ya maji. "Twende," akasema.

Saa nane tulikuwa ofisini kwa Mwalimu Ferista, mimi, Dina na Wilbard. Nikanyoosha mikono yote miwili juu ya meza yake bila kuiegemeza popote. Nikaiacha itetemeke. Dina akaona, na yeye akanyoosha ya kwake. Nikasema kila kitu, kipimo, chupa, kondakta. Wilbard akasema, "Kipimo nilivunja mimi."

Mwalimu akashika vidole vya Dina, akavigeuza. "Umejua tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu somo lako."

"Somo langu lilikuwa Machi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Wiki sita." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Mtoto amekaa mwezi mzima kwenye moshi, wewe unaniandikia vitanda. Ulidhani nitafanya nini?"

"Utanifukuza. Ulisema mkono unaotetemeka..."

"Nilimwambia mlevi!" Akapiga meza. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia anapiga kelele. "Mgonjwa ningemfukuza aende wapi? Hapa ni wapi, Nyanzobe? Hapa si hospitali?"

Ningesema siku ile ile ya Machi, Dina angetoka kule siku ile ile. Hakuna aliyenizuia. Nilizuiwa na sentensi moja aliyoambiwa mtu mwingine.

Akachukua simu akampigia daktari. Halafu akasema matokeo yangu yatabaki kama yalivyo, lakini cheti atakizuia. Sitagusa mgonjwa mpaka daktari aandike kwamba mikono imepona, na kama haitapona, basi. Wilbard amepewa barua ya onyo. Kuhusu chupa, alisema, atakwenda Mkwajuni na bwana afya, na mimi nitawaonyesha nyumba.

Kuwaonyesha nyumba ya dada yangu. Nimekubali.

Ijumaa, 2 Mei

Tumechukuliwa damu na mkojo, vimepelekwa Mbeya. Daktari ni kijana, anaongea taratibu. Anasema moshi ukiisha, mwili unaitoa wenyewe polepole, na kwa watoto mara nyingi mikono hutulia. Kwangu hawezi kuahidi, miaka kumi na mmoja ni mingi. Nilimuuliza mara mbili kuhusu Dina, na mara mbili alisema "mara nyingi". Nilitaka aseme "lazima".

Akatupa karatasi moja na kalamu. Chora mstari ulionyooka, mama juu, mtoto chini. Nikachora bila kubana kiwiko. Dina akachora wa kwake, ulimi nje, anajitahidi. Daktari akasogeza karatasi dirishani atazame. Mistari miwili, yote inapanda na kushuka, wa chini unafuata wa juu karibu kila mahali.

Dina akainama akaitazama kwa makini.

"Mama," akasema, "mbona mimi naandika kama wewe?"

Akacheka, kafurahi kabisa, akaniomba karatasi aiweke.